Mazungumzo ya Nyumbani: Paka wa Kioo na Chui wa Mchangani

Wazazi wa Kisenge wamegawanyika makundi mawili juu ya jambo dogo, nami nimeombwa mara nyingi nitoe kauli yangu. Jambo lenyewe ni ule mchezo wa simu wenye paka na namba. Kundi la kwanza lasema kwamba mchezo huu wala saa za watoto, tena wamaliza chaji ya simu ambayo mama aihitaji kwa biashara yake ya sokoni. Kundi la pili lajibu kwamba mtoto achezaye na namba ajifunza hesabu, basi na aachwe. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yamesema robo ya kweli tu. Sehemu kubwa iliyobaki imelala mchangani, mbele ya milango yetu, wala hakuna aitazamaye.

Kwanza niueleze mchezo kwa ajili ya wazee ambao wameuona kwa mbali tu, mgongoni mwa mjukuu. Kioo cha simu kimegawanywa vyumba 16, vinne kwa vinne. Mwanzoni vyumba viwili tu vina vigae, na kila kigae kina namba 2, au mara chache 4. Mchezaji hupitisha kidole upande mmoja, juu au chini, kushoto au kulia, na vigae vyote huteleza upande huo hata vikagota ukutani. Viwili vyenye namba moja vikikutana huungana kuwa kimoja: 2 na 2 huzaa 4, 4 na 4 huzaa 8, na kuendelea. Kila baada ya mwendo kigae kipya hujitokeza mahali palipo wazi. Shabaha ni kufika 2048. Vyumba vikijaa, wala hakuna jirani wawili wa kuungana, mchezo umekwisha.

Aliyeutoa mchezo huo mwezi wa Machi 2014 ni kijana Mwitalia, Gabriele Cirulli, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 19. Yeye mwenyewe alifuata mfano wa michezo iliyotangulia. Hakuuuza, aliutoa bure, tena akayaacha maandishi ya programu yake wazi, ili kila atakaye ayachukue na kuyabadili. Ndiyo sababu mchezo ule ukazaa watoto wengi upesi, na baina yao ndimo walimo hawa paka. Wengine wamechora paka juu ya namba. Wengine wameondoa namba kabisa, hata paka wawili wa rangi moja wakikutana huzaliwa paka mwingine wa daraja ya juu. Muziki ni wa chini, rangi ni za upole, na paka akiunganishwa hufumba macho kana kwamba amepapaswa shingoni.

Kwa nini watu hupumzika kwa mchezo kama huu? Sababu si ya ajabu. Hauna saa inayokimbia, hauna adui anayekungoja, na kosa moja halikuangushi papo hapo. Sheria ni moja tu, na macho hupata kazi ndogo ya kutosha kuyazuia mawazo yasirande. Tena mnyama aliyechaguliwa ni paka, ambaye hana haraka. Amtazamaye amelala karibu na mafiga, mwili wake mwenyewe hulegea. Sitamlaumu mtu mzima aliyetoka kazini na vumbi kichwani, akaketi nusu saa na paka wake wa kioo. Nimewaona walimu wakifanya hivyo nyuma ya rundo la madaftari, na madaftari yale yakasahihishwa vizuri baadaye.

Walakini yafaa tuwaambie kweli wazazi wa kundi la pili. Mchezo huu hauwafundishi watoto kujumlisha. Anayejumlisha ni simu. Mtoto asiyejua kusoma namba aweza kushinda, mradi atambue kwamba paka huyu na huyu wafanana. Jambo ambalo mchezo wafundisha kweli ni utaratibu: kumweka mkubwa kabisa pembeni na kutomwondoa hapo, kuwapanga wadogo kumwelekea, na kutosogeza vigae kwa pupa. Hayo ni mafundisho mazuri, ila siyo hesabu.

Mzazi atakaye hesabu, na aifunike simu kwa mkono, kisha aulize maswali. Kutoka 2 hata 2048, namba yaongezwa maradufu mara ngapi? Jibu ni mara 10, na mtoto ayaandike yote kwa mkono wake: 4, 8, 16, hata mwisho. Tena, kama kila kigae kipya kingekuwa 2, vingetakiwa vingapi ili kupata 2048 moja? Jibu ni 1024. Mtoto akisha kuona kwamba paka mmoja mkubwa amekula wadogo 1024, hapo ndipo ameanza kuhesabu. Yaliyotangulia yalikuwa ni kupapasa.

Sasa nije kwenye mchanga. Kisenge haikungoja simu ili ipate mchezo wa namba wenye wanyama wa ukoo wa paka.

Wachokwe, ambao ni wengi katika nchi hii ya magharibi ya Lualaba, na ndugu zao walio ng'ambo ya mpaka katika Angola na Zambia, wana desturi ya kuchora mchangani. Mchoro mmoja huitwa lusona, na mingi huitwa sona. Wanaume walichora wakiwa wameketi kivulini mchana au kando ya moto jioni, huku wakisimulia. Vijana walifundishwa ile iliyo rahisi wakati wa mukanda, yaani kambi ya jando. Ile migumu ilikuwa mali ya wataalamu, nao waliirithisha kwa wana wao na wajukuu wao.

Katika michoro hiyo wamo wanyama wengi: kobe, swala, ndege, na njia za kuku aliyefukuzwa uani. Wamo pia simba na chui. Upo mchoro wa tumbo la simba, na upo wa chui pamoja na watoto wake watano. Tena kuna kisa ambacho mchoraji hukisimulia huku kidole chake kikitembea. Chui alimwomba korongo manyoya machache ili atandike pangoni mwake. Korongo akampa. Baada ya siku chache korongo naye akaja, akaomba kipande cha ngozi ya chui. Chui hakuweza kukataa, maana alikuwa amekwisha kupokea. Akatoa ngozi, akafa. Mtoto wa chui akatoka kulipiza kisasi, lakini korongo aliyajua mabwawa vizuri, akapenya huku na huku, akaokoka. Mstari unaopinda-pinda baina ya madoa ndiyo njia ya korongo mle bwawani. Mtoto akiisha kuuona mchoro ule haachi kuuliza kama chui yule alikuwa mjinga au mwungwana. Mimi sijaona paka wa kioo aliyemfanya mtoto aulize neno kama hilo.

Namna ya kuchora ndiyo hii. Mchanga husawazishwa kwa kiganja. Kisha mchoraji hupiga madoa kwa ncha za vidole, safu baada ya safu. Ili nafasi zilingane, hutumia kidole cha shahada na kidole cha pete kwa pamoja. Mkono ukisogea, kidole cha shahada huwekwa penye alama iliyoachwa na kile cha pete, na hivyo kila doa hukaa mbali na jirani yake kwa kipimo kile kile. Hapo macho ya watazamaji huhesabu pamoja naye: safu ngapi, na kila safu madoa mangapi. Kisha kidole cha shahada huanza kutembea, hupita baina ya madoa, hujikata, huyazunguka ya pembeni, bila kuinuka mpaka kimerudi pale kilipoanzia. Akisita, au akasimama kufikiri, watu hutabasamu kwa dhihaka. Wamejua kwamba huyo hajafuzu. Mambo yakiisha, mchoro hufutwa kwa kiganja.

Siku moja nilimwomba mzee mmoja jirani awachoree wanafunzi wangu michache. Vijana walicheka kidogo walipomwona anapiga magoti. Alichora mkeka wa madoa 5 kwa 6 kwa mstari mmoja, nao wakanyamaza. Kisha kijana mmoja, bingwa wa ule mchezo wa 2048, akataka kujaribu. Akapiga madoa 4 kwa 6, akazungusha kidole kwa uangalifu mkubwa, na mstari ukamrudia upesi mno: nusu ya njia ilikuwa bado haijaguswa. Akafuta, akarudia, ikawa vile vile.

“Babu,” akauliza, “wewe umejuaje kwamba mstari wako utamaliza kila mahali?”

“Nimehesabu kabla ya kuinama, mjukuu wangu,” mzee akajibu. “Nne na sita ni ndugu, lazima zikugawie njia mbili. Tano na sita hazina undugu. Hizo zitakupa njia moja.”

Wanafunzi wa shule ya kati, shikeni penseli, kwani maneno ya mzee yule ni kanuni kamili. Chukueni mchoro wa namna ya mkeka uliosukwa. Tafuteni namba kubwa kuliko zote iwezayo kugawa idadi ya safu na idadi ya madoa katika kila safu, bila kubakisha. Hiyo ndiyo idadi ya mistari mtakayohitaji. Kwa 4 na 6 namba hiyo ni 2, basi mistari ni miwili. Kwa 6 na 9 ni mitatu. Kwa 5 na 6 namba pekee izigawazo zote mbili ni 1, basi mstari mmoja watosha. Darasani mwaiita kwa Kifaransa PGCD, na wengi wenu mwaichukia kwa sababu haikuwahi kuwafaa kitu ila kupata alama. Mchangani yawafaa: yawaambia kabla ya kuanza kama mtafika au mtaaibika.

Jaribuni kwa udogo kwanza. Pigeni safu 2, kila safu madoa 3. Anzeni chini tu ya doa la kwanza la safu ya chini. Pelekeni kidole mshazari kwenda juu kulia, kipite katikati ya doa hilo na jirani yake, kiendelee mshazari vivyo hivyo mpaka kitokee juu ya doa la mwisho la safu ya juu. Hapo kisitoke nje. Kigeuke kama mtu azungukaye nguzo ya nyumba, kirudi mshazari kwa upande mwingine. Kila ukingoni fanyeni hivyo hivyo. Kidole kitageuka ukingoni mara 10, mkihesabu na pale mlipoanzia, na mwisho kila doa litakuwa limekaa katika chumba chake peke yake. Kisha pigeni 3 kwa 3, mwone mnavyokwama.

Niseme wazi kwamba kanuni hii ni ya michoro ya mkeka. Tumbo la simba na wenzake wana mikunjo mingine zaidi, na huko wataalamu waliweka ujuzi ambao hauelezwi kwa sentensi moja. Wenye elimu ya hesabu wamefanya kazi ya miaka mingi juu yake. Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyehamia Msumbiji akawa mwalimu na raia huko mpaka kufa kwake mwaka 2014, aliandika vitabu kadhaa juu ya sona. Kimoja cha mwaka 1991, kiitwacho Lusona, alikifanya makusudi kuwa kitabu cha mafumbo ya kujiburudisha. Kabla yake Mário Fontinha alikuwa amekusanya michoro mingi kutoka kwa Wachokwe wa kaskazini-mashariki ya Angola, akaichapisha mwaka 1983. Na mwaka 2023 UNESCO iliandika sona katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Angola.

Nchi iliyoomba ni Angola. Sina wivu nayo, imefanya vema. Ila mzee wa Kisenge na mzee wa ng'ambo ya mpaka walifundishwa na babu mmoja, na yule wa kwetu hakuna aliyemwandika popote. Biashara ya utumwa, ukoloni, vita na kuhamahama vilivunja mikutano ya jioni ambamo ujuzi huu ulipokezwa. Hapa kwetu mgodi wa manganizi uliwakusanya watu wa makabila mengi katika nyumba za safu, na shule ikawachukua watoto mchana kutwa. Reli ya kwenda Lobito ilipokatika kwa vita vya Angola mwaka 1975, mji ukapata shida nyingine za kuushughulisha. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba sona zife. Zilikosa wakati tu.

Sasa wakati umerudi, nao umekuja na simu. Hapa pana jambo ambalo mwenyeji wa Lualaba hana haki ya kulisahau. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima yatoka katika nchi yetu, na ardhi ya Kolwezi yachangia sehemu kubwa. Kobalti hiyo ndiyo iliyomo katika betri za simu nyingi. Manganizi nayo, jiwe la Kisenge, hutumika katika betri kavu za tochi. Basi paka wa kioo anywa maziwa ya udongo wetu, na bado twamwona mgeni, ilhali chui wa mchangani, ambaye hataki betri, ndiye aliyegeuka mgeni kwa watoto.

Nikipimanisha michezo hii miwili, naona inafanana kwa utulivu. Yote miwili huinamisha kichwa, hukusanya mawazo, hukataza pupa. Yatofautiana kwa mambo matatu au manne, na moja ndilo zito kwangu: mchezo wa simu hauna mlango wa kutokea. Ukifika 2048 unaulizwa kama wataka kuendelea, na ukishindwa kioo kinakupa vigae vipya kabla hujapumua. Mara nyingi, katika michezo hii ya bure, tangazo la biashara hupenya kati ya mchezo na mchezo, maana hapo ndipo mwenye kuutoa apatapo fedha, nawe umelilipia kwa mega zako. Lusona hufunga. Kidole kikirudi mwanzoni, hakuna la kuongeza; watu huguna, mchanga hufutwa, mtu akaenda kulala. Na kabla ya hapo kuna wenzako wamekutazama. Kijana yule bingwa alishindwa mbele ya darasa zima, uso ukamshuka, lakini siku tatu baadaye alikuwa nyuma ya darasa na wenzake wanne, wanabishana juu ya 7 na 9.

Kwa hiyo kauli yangu kwa makundi yote mawili ni hii. Msiwanyang'anye watoto paka wao. Mtawafanya wajifiche nao chini ya blanketi, na huko hakuna utulivu wala hesabu. Wekeni kipimo kinachoonekana: mchezo mmoja mpaka vyumba vijae, basi, simu irudi kwa mama. Kipimo cha dakika hakisaidii sana, kwani mtoto hujua kuomba tano nyingine; vyumba vilivyojaa havibishaniwi. Intaneti na izimwe wakati huo, maana michezo mingi ya namna hii yaweza kuchezwa bila hiyo, na matangazo mengi hukoma.

Kisha nendeni kwa wazee. Msiende na simu iliyoinuliwa kumpiga picha kabla hamjasalimu. Pigeni magoti, ombeni kwa adabu, na kubalini akisema kwamba mchoro fulani ni wa waliopita mukanda peke yao. Ile ya mikeka, ya kobe, ya chui na watoto wake, wazee wengi hawatainyima. Wasichana nao na waketi. Najua desturi ya zamani iliwapa wavulana kazi hii, lakini sioni sababu ya kuwanyima leo, hasa kwa kuwa katika darasa langu wao ndio wanaogawa namba bila kubakiza makosa. Mwenye daftari na aandike: jina la mchoro kwa Kichokwe, safu ngapi, madoa mangapi, kidole chaanzia wapi, na kisa chake. Ukurasa mmoja watosha kwa kila mchoro. Mzee akiondoka bila ukurasa huo, hata bingwa wa kioo hataweza kuukisia.

Na hili la mwisho ni kwa wanafunzi peke yao. Ngozi ya chui ina madoa safu 8, kila safu madoa 12. Mwindaji ataka kuizunguka yote kwa mkeka wa mistari michache iwezekanavyo. Ahitaji mistari mingapi? Mvua ikafuta safu moja, zikabaki 7, sasa je? Msiniletee majibu kwa karatasi. Mchanga uko nje.